Jokofu la gesi

Jokofu la gesi ni jokofu linalopata baridi yake kutokana na joto la moto badala ya mota ya umeme. Moto huo unaweza kuwa wa gesi ya kupikia (propani, butani au mchanganyiko wa hizo mbili) au wa utambi wa mafuta ya taa. Mengi yana pia waya wa umeme unaofanya kazi ileile ya moto. Kitaalamu huitwa jokofu la ufyonzaji, kwa sababu ndani yake amonia hufyonzwa na maji na kutolewa tena mfululizo. Halina kompresa, halina pampu, wala sehemu yoyote inayozunguka, na kwa hiyo halitoi sauti.

Katika Tanzania jokofu hili lilikuwa la lazima mahali pasipokuwa na umeme: zahanati za vijijini, misheni, mashamba makubwa, maduka ya vinywaji na kambi za watalii. Leo huonekana zaidi ndani ya magari ya kambi, yaani magari yenye kitanda na jiko, ambayo wasafiri huyaendesha kutoka Dar es Salaam kupitia Segera na Korogwe kuelekea Moshi na Arusha. Mengi ya majokofu hayo ni ya zamani, na yakiharibika njiani fundi aliyezoea friji za kawaida hukuta chombo asichokijua. Makala hii inaeleza jokofu hilo na matengenezo yake, pamoja na historia yake katika utunzaji wa chanjo kwenye wilaya kama Handeni na Korogwe, mkoani Tanga.

Historia

Mfaransa Ferdinand Carré alitengeneza mashine ya baridi ya amonia na maji mwishoni mwa miaka ya 1850. Mashine yake ilikuwa kubwa, ya kiwandani, na ilihitaji pampu. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi cha Stockholm, Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni jokofu dogo lisilohitaji pampu kwa kuongeza gesi ya tatu, haidrojeni. Kampuni ya Electrolux ilinunua ubunifu huo na kuanza kuuza majokofu hayo mwaka 1925. Nchini Marekani yalitengenezwa na kampuni ya Servel.

Hata Albert Einstein alishughulikia jambo hili. Yeye na Leo Szilard walipewa hataza ya Marekani mwaka 1930 kwa jokofu la namna yao lisilo na mota. Walitaka kuondoa hatari ya gesi zenye sumu zilizovuja kwenye friji za kompresa za wakati ule. Jokofu lao halikuingia sokoni. La von Platen na Munters ndilo lililoenea, na muundo wake umebadilika kidogo sana hadi leo. Ndiyo maana mtu anayeelewa jokofu la miaka ya 1960 anaelewa pia jokofu jipya la gari la kambi.

Namna linavyofanya kazi

Swali la kwanza la mwanafunzi huwa hili: moto unawezaje kuleta baridi? Jibu linaanzia kwenye mtungi wa udongo. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu sehemu ndogo hupenya udongo na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Siku yenye upepo mkavu maji hupoa zaidi, kwa kuwa upepo hupeleka mvuke mbali na kuacha nafasi kwa mvuke mwingine. Katika jokofu la gesi kioevu kinachogeuka mvuke ni amonia, na haidrojeni ndiyo inayofanya kazi ya ule upepo mkavu.

Mabomba ya nyuma ya jokofu yamefungwa kabisa kiwandani. Ndani yake mna maji, amonia na haidrojeni, kwa kanieneo ya jumla inayofikia takribani mara 25 ya ile ya hewa ya kawaida. Safari ya amonia ni hii. Chini kuna kichemshio, ambapo moto hupasha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia hutoka kwanza ikiwa mvuke, na viputo vyake husukuma maji juu kwenye bomba jembamba. Hiyo ndiyo pampu pekee iliyopo. Mvuke wa amonia hupanda hadi kwenye mapezi ya chuma yaliyo juu nyuma ya jokofu, hupoa na kuwa kioevu. Kioevu hicho huteremka ndani ya sehemu ya kugandishia na kukutana na haidrojeni.

Hapo ndipo penye siri. Kanieneo ya jumla ni ileile kila mahali katika mabomba, lakini kwenye sehemu hii sehemu kubwa yake inabebwa na haidrojeni. Amonia yenyewe inabaki na kanieneo ndogo, kwa hiyo hugeuka mvuke kwa urahisi ingawa pana baridi, na huchukua joto kutoka kwenye chakula. Kisha mchanganyiko wa amonia na haidrojeni, kwa kuwa ni mzito kuliko haidrojeni peke yake, hushuka hadi kwenye koili za ufyonzaji. Huko maji yaliyotoka kwenye kichemshio huinywa amonia. Haidrojeni haiyeyuki katika maji, hivyo hurudi juu, na maji yenye amonia hurudi kwenye kichemshio.

Mwendo wote huo unategemea mambo mawili tu, joto na uzito. Vioevu huteremka na gesi nyepesi hupanda. Kutokana na hilo zinatoka karibu hitilafu zote zinazojulikana.

Friji za chanjo Handeni na Korogwe

Mpango wa taifa wa chanjo ulianza Tanzania mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuanzisha mpango wa dunia. Wakati huo vijiji vingi vilikuwa vikipata zahanati kwa mara ya kwanza, lakini si umeme. Wilaya ya Korogwe ilikuwa mfano wa kushangaza kidogo: kituo cha umeme wa maji cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kimo ndani ya wilaya hiyo na kimefanya kazi tangu mwaka 1964. Nyaya zilipita juu ya vijiji kwenda mijini, na chini yake zahanati iliwasha utambi. Handeni, wilaya kubwa ya Wazigua yenye vijiji vilivyotawanyika, ilikuwa katika hali ngumu zaidi, na wakati huo bado ilijumuisha Kilindi, iliyokuja kutengwa mwaka 2002.

Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi kwa mtoto. Mfululizo huo huitwa mnyororo baridi, na pingu yake ya mwisho, yaani zahanati, ndiyo dhaifu kuliko zote. Chanjo za polio na surua huharibiwa na joto. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, na zile zenye pepopunda na dondakoo, huharibiwa na kuganda. Chupa iliyoganda na kuyeyuka inaweza kuonekana nzima kabisa. Mhudumu mwenye shaka huchukua chupa nyingine ya toleo lilelile, huigandisha makusudi, huiyeyusha, kisha huzitikisa zote mbili na kulinganisha. Kama chupa yenye shaka inajitenga na kutuama haraka kama ile iliyogandishwa, imeharibika.

Friji ya mafuta ya taa haina kidhibiti halijoto cha kuaminika. Mhudumu hupandisha au kushusha utambi kwa mkono. Mchana wa Februari, wakati joto la Korogwe linapita nyuzi 30, moto mkubwa unahitajika. Usiku wa Julai moto uleule unaweza kugandisha chanjo. Kwa sababu hiyo mhudumu husoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika kwenye chati, kila siku, hata Jumapili na sikukuu. Kazi hiyo haisifiwi sana, lakini bila hiyo sindano aliyochomwa mtoto ni maji tu. Friji za gesi zilikuwa afadhali kwa kuwa moto wake ni safi na zina kidhibiti, ila mtungi ukiisha katikati ya masika barabara ikiwa haipitiki, ubora huo haukusaidia.

Mafuta ya taa yalikuwa na tatizo jingine. Yakichanganyika na maji au dizeli utambi hutoa moshi, masizi huziba dohani, na baridi hupungua. Uchanganyaji wa mafuta, uliopewa na wananchi jina la uchakachuaji, ulifikia kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe na faida kwa wachakachuaji. Bei ilipanda kwa kila mtumiaji wa mafuta hayo.

Korogwe ina nafasi yake pia katika historia ya chanjo yenyewe. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilichopo hapo kilishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kwanza pamoja na Kilifi, Kenya, kwa watoto 894, kisha katika jaribio kubwa lililoanza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Chanjo hiyo, ambayo WHO iliipendekeza mwaka 2021, nayo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8.

Hitilafu na matengenezo

Neno gesi huleta mkanganyiko mkubwa kwa mafundi. Kwa fundi wa friji za kawaida, gesi ni ile inayozunguka ndani ya kompresa. Friji isipopoza yeye husema gesi imeisha na kutaka kujaza. Katika jokofu la ufyonzaji gesi inayoisha ni ile ya mtungi tu, ambayo kazi yake ni kuwaka. Amonia ya ndani haipungui isipokuwa bomba limetoboka, na haijazwi mtaani. Atakayekata bomba ili ajaze gesi ameua jokofu, na huenda akajiumiza.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kama jokofu limesimama sawa. Weka pimamaji ndani ya sehemu ya kugandishia, urefu na upana. Vioevu vya ndani huteremka kwa uzito wake, hivyo jokofu likiinama nyuzi chache tu, na ya zamani hayavumilii hata tatu, kioevu hutuama mahali pasipostahili na mzunguko husimama. Gari likiwa barabarani mtikisiko hurudisha vioevu mahali pake. Taabu hutokea linapoegeshwa kwenye mteremko usiku kucha. Likiachwa likiwaka hivyo kwa muda mrefu, kichemshio hupata joto kupita kiasi, dawa ya kuzuia kutu iliyo ndani huganda na kuziba bomba jembamba, na uharibifu huo hauponi.

Jokofu lenye njia mbili, gesi na umeme, lina kipimo rahisi kuliko vyote. Zima gesi, unganisha umeme wa nyumbani, subiri saa sita hadi nane. Likipoza kwa umeme lakini halipozi kwa gesi, mabomba ni mazima na tatizo liko kwenye moto. Lisipopoza kwa njia yoyote, tatizo liko kwenye mabomba au hewa haipiti nyuma yake. Umeme wa betri ya gari usitumike kwa kipimo hiki. Waya wa volti 12 hula ampea nane hivi au zaidi, na betri ya ampea-saa 100 itaisha kabla ya asubuhi.

Moto mzuri ni wa buluu, mtulivu, na unaunguruma kidogo. Moto wa manjano, au unaorukaruka, unaonyesha kwamba hewa haitoshi au gesi ni chache. Kwa hapa kwetu kisababishi cha kawaida ni wadudu. Buibui hupenda harufu ya gesi na kuweka utando ndani ya bomba la kichomeo, na nyigu wa udongo hujenga nyumba yao ndani ya dohani gari linapokaa bila kutumika. Funga mtungi, acha jokofu lipoe, fungua kichomeo, kisha toa kile kipande cha chuma kilichosokotwa kinachoning'inia ndani ya dohani. Sugua dohani kwa brashi ndefu kutoka juu hadi chini na futa masizi yote. Usisahau kurudisha kipande hicho mahali pake. Bila hicho joto hupita moja kwa moja kwenda nje na kichemshio hakipati kitu.

Jeti, yaani kile kijitundu gesi inapotokea, husafishwa kwa kuilowesha ndani ya spiriti na kuipuliza. Isichokolewe kwa sindano wala waya. Tundu lake ni dogo mno na limepimwa. Likipanuka hata kidogo moto huwa mkubwa, wenye masizi, na jeti mpya ya kipimo kile haipatikani kwa urahisi Korogwe wala Tanga mjini.

Regulata nayo ichunguzwe. Majokofu mengi haya yametengenezwa kwa gesi ya kanieneo ndogo, kiasi cha milibari 28 hadi 30. Regulata za majiko makubwa ya migahawa hutoa gesi kwa nguvu nyingi zaidi na hazifai kabisa. Msafiri aliyekuja na mtungi wa nchi nyingine mara nyingi hukuta valvu yake haiingiliani na mitungi ya hapa. Kilicho rahisi ni kununua mtungi wa kilo 15 na regulata yake kuliko kuunganisha kienyeji. Aina ya gesi haina shida. Ulaya wasafiri hudai propani tupu kwa sababu butani huacha kutoa mvuke kwenye nyuzi sifuri, lakini kwa joto la Tanga mchanganyiko unaouzwa madukani hufanya kazi vizuri. Jokofu dogo la gari hutumia takribani gramu 300 kwa siku, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 hutosha kama siku 50, pungufu kidogo wakati wa joto kali. Kila kiungio kipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Kama moto ukizimika mara tu kitufe kinapoachiliwa, shaka iangukie kwenye ncha ya shaba inayohisi moto. Kazi yake ni kufunga gesi moto unapozimika. Mara nyingi imelegea au imefunikwa na masizi, na kuifuta kwa kitambaa na kuisogeza ndani ya moto hutosha. Wako wanaoifunga kwa waya ili valvu ibaki wazi daima. Hilo ni kosa kubwa: upepo ukizima moto usiku, gesi itaendelea kujaa ndani ya gari waliko waliolala.

Moto ukiwa mzuri na jokofu bado ni vuguvugu, gusa mabomba ya nyuma kwa uangalifu baada ya saa mbili. Kichemshio kikiwa cha moto sana huku koili za ufyonzaji zikiwa baridi, mzunguko umesimama. Hapa kuna dawa ya zamani ya mafundi, ambayo ina msingi wa kifizikia. Jokofu hutolewa, hugeuzwa kichwa chini kwa saa kadhaa, hulazwa ubavu mmoja na mwingine, kisha husimamishwa na kuachwa siku nzima bila moto. Vioevu vilivyojitenga huchanganyika upya. Kwa jokofu lililokaa miaka bila kutumika njia hii husaidia mara nyingi kiasi kwamba inafaa kujaribiwa kabla ya kulitupa. Kwa bomba lililoziba kabisa haisaidii.

Baadaye ihakikishwe kwamba hewa ya nje inaingia chini na kutoka juu nyuma ya jokofu. Wenye magari hupenda kuziba matundu hayo kwa sababu ya vumbi la barabara za Handeni, kisha hulalamika kwamba friji ni mbovu.

Hatari

Harufu kali ya amonia, ile inayochoma macho, au unga wa manjano kwenye mabomba ni dalili kwamba chuma kimetoboka. Zima moto, fungua milango, ondoka hadi harufu iishe. Unga huo ni kromati ya sodiamu, dawa ya kuzuia kutu, nayo ni sumu yenye uwezo wa kusababisha saratani; usiguswe kwa mkono mtupu. Mabomba hayo hayachomelewi. Ndani yake mna haidrojeni inayolipuka na kanieneo kubwa.

Hatari isiyo na harufu ni kaboni monoksidi, inayotokana na moto unaokosa hewa. Nchini Marekani mamlaka ya usalama wa bidhaa ilitoa onyo kuhusu majokofu ya gesi ya Servel ya mwaka 1933 hadi 1957, kwa sababu vichomeo vyake vilivyochafuka vimeua watu majumbani. Ndani ya gari dogo lililofungwa madirisha hatari ni kubwa zaidi. Mtu anayeamka na kichwa kinachouma, na nafuu ikaja akitoka nje, asiseme ni malaria kabla ya kuangalia rangi ya moto. Gesi pia ifungwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta.

Kuondolewa katika matumizi

Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefikisha umeme katika vijiji vingi vya Tanga, na zahanati zisizofikiwa hupewa friji za jua. Aina ya sasa haihitaji betri: paneli huendesha kompresa mchana, na barafu iliyotengenezwa hutunza baridi usiku. WHO na UNICEF hazipendekezi tena kununua friji za mafuta ya taa kwa ajili ya chanjo.

Friji za zamani hubaki stoo, na siku moja huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi huyaona mabomba mazito na kuwasha moto wa kukatia. Jokofu la ufyonzaji lisikatwe kwa moto wala msumeno kabla fundi mwenye vifaa hajatoa amonia kwa utaratibu nje, mbali na watu, na anayeliuza anapaswa kumwambia mnunuzi hivyo, kwa sababu kwa macho halitofautiani na friji nyingine yoyote.